Kuuza tena kiti cha tiketi ya msimu

Kuuza tena kiti cha tiketi ya msimu ni utaratibu ambao shabiki wa mpira wa miguu aliyelipia kiti chake kwa mechi zote za nyumbani za msimu mmoja anamwachia mtu mwingine kiti hicho kwa mechi asiyoweza kuhudhuria, naye hurudishiwa sehemu ya pesa alizolipa. Utaratibu huo unapatikana hasa katika nchi za Ulaya ambako viwanja vya klabu kubwa hujaa karibu kila wiki, kama vile Uingereza, Ujerumani na Hispania.

Mara nyingi klabu yenyewe ndiyo inayosimamia mauzo hayo. Shabiki akimuuzia mtu mwingine moja kwa moja, anaweza kuwa amevunja masharti ya klabu na kunyang'anywa tiketi yake. Katika Uingereza na Welisi anaweza kuwa amevunja pia sheria ya nchi. Kununua tiketi na kuziuza kwa bei ya juu zaidi ili kupata faida huitwa *ulanguzi wa tiketi*.

## Tiketi ya msimu

Tiketi ya msimu humpa mwenye nayo kiti kimoja, mahali pale pale, kwa mechi zote za ligi ambazo klabu yake inacheza nyumbani. Katika Ligi Kuu ya Uingereza, yaani Premier League, kuna klabu 20. Kila moja inacheza mechi 38 na 19 kati ya hizo ni za nyumbani. Katika Bundesliga ya Ujerumani kuna klabu 18, kwa hiyo mechi za nyumbani ni 17. Mechi za vikombe huingizwa au huachwa nje ya tiketi kulingana na mpango wa kila klabu. Zamani tiketi ilikuwa kijitabu chenye vipande vya kukata kimoja kwa kila mechi. Baadaye ikawa kadi ya plastiki, na siku hizi klabu nyingi huiweka katika simu ya shabiki.

Klabu hunufaika kwa sababu hupata pesa nyingi kabla msimu haujaanza. Shabiki hunufaika kwa sababu kwa kawaida bei ya kila mechi huwa nafuu kuliko kukata tiketi moja moja, na kiti chake hakipotei hata timu inapocheza mechi kubwa. Borussia Dortmund huuza tiketi za msimu zipatazo 55,000 kwa uwanja unaochukua watu 81,365. Katika klabu kama Liverpool na Arsenal kuna orodha ya kusubiri tiketi ya msimu, na zamu ya mtu huweza kuchukua miaka mingi kufika.

Kwa sababu hiyo mwenye tiketi huilipia upya kila mwaka hata kama anajua kwamba atakosa mechi kadhaa. Akiiacha, huenda asiipate tena. Sababu za kukosa mechi ni nyingi: kazi, ugonjwa, msiba, harusi au safari. Mara nyingine ratiba yenyewe hubadilika, kwa kuwa mechi huhamishwa kutoka Jumamosi mchana hadi Jumapili au Jumatatu usiku ili zionyeshwe kwenye televisheni.

Katika masharti ya klabu nyingi, tiketi si mali ambayo mnunuzi anaweza kuifanyia lolote. Ni ruhusa ya kuingia uwanjani na kukaa katika kiti fulani, na klabu inaweza kuiondoa ruhusa hiyo. Hapo ndipo unapoanza ubishi wote kuhusu kuuza tena.

## Namna unavyofanyika

Kuna njia tatu za kawaida:

* Kumpa mtu unayemjua. Mwenye tiketi huhamisha kiti kwa ndugu au rafiki kupitia programu ya klabu. Klabu nyingi hutaka mpokeaji naye awe ameandikishwa kwao, ili jina la atakayeketi lijulikane.
* Kukirudisha kiti kwa klabu. Mwenye tiketi huitaarifu klabu kwamba hatakuja. Klabu hukiuza kiti, na kikipata mnunuzi mwenye tiketi hurudishiwa kiasi fulani. Kisiponunuliwa, kwa kawaida hapati kitu.
* Kuuza kupitia kampuni iliyoruhusiwa na klabu. Kampuni hiyo huwakutanisha muuzaji na mnunuzi katika intaneti na kutoza ada.

Katika njia ya pili, hesabu inayotumika sana ni kugawanya bei ya tiketi ya msimu kwa idadi ya mechi. Tuseme shabiki wa Uingereza amelipa pauni 760 kwa mechi 19. Kila mechi itakuwa imemgharimu pauni 40, na hicho ndicho kiasi cha juu atakachorudishiwa, pengine baada ya kukatwa ada. Ikiwa klabu imemuuzia mgeni kiti hicho kwa pauni 55, pauni 15 zinazozidi hubaki kwa klabu. Baadhi ya mashabiki hulalamika kwamba kwa njia hiyo klabu inauza kiti kimoja mara mbili.

Kwa kawaida tiketi ya mtoto au ya mzee haiwezi kuhamishiwa mtu wa rika lingine bila kulipa tofauti ya bei. Aidha, klabu kadhaa zimeweka idadi ya chini ya mechi ambazo mwenye tiketi ni lazima ahudhurie, au akirudishe kiti kwa njia halali. Lengo ni kuzuia watu wanaoshikilia tiketi ya msimu kama biashara huku wao wenyewe hawaonekani uwanjani.

## Sheria ya Uingereza

Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walikandamizwa katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, kwenye nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest. Watu 97 walikufa kutokana na ajali hiyo. Mwaka 2016 jopo la wananchi lililoketi mahakamani kuchunguza vifo hivyo liliamua kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Jaji Peter Taylor, aliyeongoza uchunguzi wa serikali, alitoa ripoti yake ya mwisho mwezi Januari 1990. Alishauri kwamba watazamaji wa viwanja vikubwa wawe na viti badala ya kusimama, na pia kwamba ulanguzi wa tiketi za mpira uwekewe sheria. Sababu yake ilikuwa usalama. Mashabiki wa timu mbili hutengwa katika majukwaa tofauti, na tiketi inayouzwa mtaani haimchagui mnunuzi: shabiki wa timu ya wageni anaweza kujikuta katikati ya wapinzani wake.

Sheria ya haki ya jinai na amani ya umma ya mwaka 1994, katika kifungu cha 166, ilifanya kuwa kosa kuuza tiketi ya mechi ya mpira bila idhini ya waandaaji. Mwaka 2006 kifungu hicho kilipanuliwa ili kihusu pia matangazo ya mauzo, yakiwemo yale ya intaneti. Adhabu yake ni faini. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hii haiangalii bei: anayeuza bila idhini kwa bei ile ile aliyonunulia naye ametenda kosa.

Tiketi za muziki na tamthilia hazimo katika kifungu hicho. Mwezi Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kupiga marufuku kuuza tena tiketi za burudani na michezo kwa bei inayozidi ile ya awali.

## Kampuni za intaneti na upinzani wa mashabiki

Kampuni ya StubHub ilianzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2000. Mmoja wa waanzilishi wake, Eric Baker, alianzisha baadaye Viagogo mjini London mwaka 2006. Mwaka 2020 Viagogo iliinunua StubHub. Klabu za Chelsea na Manchester United zilikuwa kati ya za kwanza kufanya kazi na Viagogo.

Mwaka 2013 Tottenham Hotspur iliingia mkataba na StubHub ili wenye tiketi za msimu wauze viti vyao huko. Chama cha mashabiki wa klabu hiyo kilipinga, kwa kuwa bei katika mtandao huo iliweza kupanda mbali na bei ya awali. Mwaka huo huo klabu ya Schalke 04 ya Ujerumani ilianza mkataba na Viagogo. Wanachama walikasirika, wakafanya kampeni dhidi yake, na klabu iliuvunja mkataba huo muda mfupi baada ya kuanza kutumika.

Mahakama kuu ya rufaa ya Ujerumani ilitoa hukumu muhimu tarehe 11 Septemba 2008, katika kesi ya klabu ya Hamburger SV dhidi ya wafanyabiashara wa tiketi. Iliamua kwamba mfanyabiashara hawezi kununua tiketi kutoka kwa klabu huku akificha nia ya kuziuza tena, ikiwa masharti ya klabu yanakataza. Hata hivyo haikuwazuia wafanyabiashara hao kununua kutoka kwa watu binafsi.

## Barcelona dhidi ya Frankfurt, 2022

FC Barcelona inamilikiwa na wanachama wake. Mwanachama mwenye tiketi ya msimu ambaye hatahudhuria mechi anaweza kukiachia kiti chake kupitia mpango wa klabu uitwao kwa Kikatalani *Seient Lliure*, maana yake "kiti huru". Kikinunuliwa, mwanachama hupata sehemu ya pesa.

Tarehe 14 Aprili 2022 Barcelona iliikaribisha Eintracht Frankfurt ya Ujerumani katika uwanja wa Camp Nou, kwenye robo fainali ya Ligi ya Europa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu, na wenyeji wengi walikuwa katika mapumziko ya Pasaka. Wageni walitengewa tiketi 5,000, lakini takriban Wajerumani 30,000 waliingia uwanjani. Wengi wao walikuwa wamepata viti vya wenyeji kupitia mauzo ya kawaida na mikono ya watu wengine. Barcelona ilicheza kama iko ugenini na kufungwa mabao 3 kwa 2. Frankfurt, iliyokuwa imetoka sare ya 1 kwa 1 katika mechi ya kwanza, ilisonga mbele na hatimaye kutwaa kombe.

Rais wa klabu, Joan Laporta, alisema ameona aibu kwa yaliyotokea. Baadaye klabu ilitangaza kwamba tiketi za mechi za kimataifa zitaandikwa jina la mnunuzi. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama mfano wa hasara isiyohesabika kwa pesa: waliouza walipata pesa, lakini timu ilikosa mashabiki wake katika uwanja wake yenyewe.

## Hoja za pande mbili

Wanaotetea uhuru wa kuuza husema kwamba mtu aliyelipia kiti ana haki ya kurudishiwa pesa zake, na kwamba kiti kilichokaa tupu hakimfaidii yeyote. Huongeza kwamba bila soko la wazi watu huuziana kwa siri, na huko matapeli ni wengi.

Wanaopinga husema kwamba bei ikiachwa huru, kiti huenda kwa mwenye pesa badala ya shabiki wa mtaani au kijana. Mashirika mengi ya mashabiki hayapingi kuuza tena, bali hutaka bei isizidi ile ya awali na mauzo yasimamiwe na klabu.

## Afrika Mashariki

Ligi Kuu ya Uingereza ina wafuatiliaji wengi Tanzania, Kenya na nchi jirani, na baadhi yao hupata nafasi ya kusafiri kwenda kuitazama. Kwa wasafiri hao, kiti kilichorudishwa na mwenye tiketi ya msimu huweza kuwa njia ya kuingia kwenye mechi kubwa. Klabu nyingi hutaka kwanza mtu ajiandikishe na kulipa ada ya uanachama. Tiketi iliyonunuliwa nje ya utaratibu wa klabu inaweza kufutwa, na mwenye nayo akazuiwa mlangoni baada ya kugharimia nauli na malazi.

Katika mechi za Simba na Yanga kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unaochukua watu wapatao 60,000, mashabiki wengi hukata tiketi ya mechi moja. Kwa hiyo neno ulanguzi huko humhusu zaidi mtu anayenunua tiketi nyingi mapema ili aziuze kwa faida, kuliko shabiki aliyepata dharura.