Ila za Nyumba

"Nyumba inauzwa kama ilivyo." Sentensi hii ikiingia kwenye hati ya mauziano, wengi hutia saini bila kuuliza: ilivyo kwa nani? Muuzaji wa Ilembula anaijua nyumba yake ya masika na ya kiangazi. Mnunuzi aliyefika asubuhi kwa gari la kutoka Makambako anaijua ya siku ile tu, jua linawaka na rangi bado inanukia.

Kwa jambo hili Kiswahili kina neno ninalolipenda sana: ila. Kasoro hutaja kilichopungua, kama katika saa mbili kasorobo. Aibu humwendea mtu. Ila ni doa lililomo ndani ya kitu, na papo hapo ni "isipokuwa". Jirani akisema, "Nyumba nzuri, ila…", hapo ndipo pa kutega sikio. Mizizi ya ila hizi mbili ni tofauti katika Kiarabu, lakini kinywani mwetu zimekutana, na zimekutana vizuri.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo hutenganisha vitenzi viwili. Kwa kifungu cha 17, kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu. Kunyamaza peke yake si udanganyifu, mpaka mazingira yakutake useme au kimya chako kiwe sawa na kusema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumefundishwa. Lakini anayeupiga lipu ufa wa msingi uliozama, wiki moja kabla ya kuuza, anaficha. Aliyeuacha wazi amenyamaza tu, na kifungu cha 19 hakimwonei huruma mnunuzi ambaye angeugundua kwa uangalifu wa kawaida.

Kuna ila zisizokaa ukutani. Mke hajaridhia, wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake nyumba ya ndoa inapouzwa. Halmashauri ya kijiji haijaidhinisha. Au uwanja umeingia kwenye hifadhi ya barabara kuu, mita 30 kutoka katikati. "Kama ilivyo" haiwezi kuzisafisha hizo.

Muuzaji, chini ya maneno hayo ongeza mstari: "Ila zake ni hizi," uzitaje moja moja. Mnunuzi, muuzaji akikataa kuuandika, usilipe.