Mizani ya marejeo: Jinsi wanasayansi wa uhandisi wanavyopangiwa daraja

Katika vyuo vikuu vingi duniani, mhandisi anayeomba kupandishwa cheo huulizwa mapema: je, maandishi yake yamenukuliwa mara ngapi na wanasayansi wenzake? Jibu hutolewa kwa tarakimu, na tarakimu hiyo yaweza kumpatia uprofesa na fedha za utafiti, au kumnyima vyote viwili.

Hata hivyo, hesabu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kupima watu.

Chombo cha kutafutia

Chimbuko lake limo katika kazi ya mawakili. Tangu mwaka 1873, mawakili wa Marekani walitumia orodha iliyoanzishwa na Frank Shepard, iliyoonyesha kila hukumu ya zamani ilivyotajwa katika kesi za baadaye, na kama bado ilikuwa na nguvu.

Mwaka 1955, Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science kwamba wanasayansi nao watengenezewe faharasa ya namna hiyo. Nia yake ilikuwa msomaji aweze kujua nani ameliendeleza wazo fulani na nani amelipinga, ili makosa yasirithiwe kimya kimya.

Taasisi aliyoiasisi Garfield mjini Philadelphia ilianza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Faharasa ya kwanza, iliyohusu maandishi ya mwaka 1961, ilikusanya majarida 613 na marejeo yapatayo milioni 1.4.

Kutoka kutafuta hadi kupima

Kilipopatikana cha kuhesabu, hesabu zilifuata. Mwaka 1975 taasisi hiyo ilianza kutoa ripoti iliyoyalinganisha majarida kwa wastani wa kunukuliwa kwa makala zake. Mwaka 2004 zikaja Scopus na Google Scholar, na kumtafutia mtafiti hesabu yake kukawa kazi ya dakika chache.

Mwaka uliofuata, Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachojulikana kwa herufi h. Mtafiti hupata alama 20 iwapo ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kipimo hicho kilienea upesi, kwa kuwa kiliufupisha umri mzima wa kazi katika tarakimu moja.

Mwaka 2019, jopo lililoongozwa na John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichapisha orodha ya wanasayansi wapatao 100,000 wanaonukuliwa zaidi katika fani zote, uhandisi ukiwemo. Matoleo yaliyofuata yamekuwa yakitangazwa kwa fahari na vyuo vingi.

Zadeh na Kilby

Kwa wahandisi wengine, mizani hii husema kweli. Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha uhandisi wa umeme mjini Berkeley, alichapisha mwaka 1965 makala kuhusu hesabu za mambo yasiyo na mipaka dhahiri, kama vile joto na baridi. Makala hiyo imenukuliwa makumi ya maelfu ya mara. Mawazo yake yalitumika pia kuendesha treni za chini ya ardhi mjini Sendai, Japani, kuanzia mwaka 1987.

Lakini Jack Kilby ni habari nyingine. Mwezi Septemba mwaka 1958, akiwa mhandisi wa kampuni ya Texas Instruments, aliwaonyesha wakuu wake saketi ya umeme ambayo sehemu zake ziliunganishwa katika kipande kimoja kidogo. Hiyo ndiyo asili ya chipu zilizomo leo ndani ya simu na kompyuta. Kilby hakuwa na shahada ya udaktari, na ugunduzi wake ulisajiliwa kama hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000.

Mabilioni ya watu wanautumia ugunduzi huo bila ya kumnukuu mtu yeyote. Kazi ya mhandisi mara nyingi huishia kwenye daraja, mtambo au viwango vya ufundi, na huko hakuna orodha ya marejeo.

Athari zake

Palipo na thawabu, hutokea pia wa kuitafuta kwa njia ya mkato. Mwezi Desemba mwaka 2011, jarida la Science liliripoti kwamba vyuo vikuu vya Saudi Arabia vilikuwa vikiwalipa watafiti mashuhuri wa nchi za nje ili majina ya vyuo hivyo yaonekane katika makala zao. Mwaka 2023, kampuni ya Clarivate, ambayo sasa inaimiliki faharasa ya Garfield, iliwaondoa zaidi ya watafiti 1,000 katika uteuzi wa orodha yake ya wanaonukuliwa sana, baada ya kutilia shaka mienendo ya uchapishaji na unukuzi.

Kwa upande wa Afrika, majarida yake mengi hayamo katika faharasa hizo. Mhandisi anayechapisha nyumbani utafiti kuhusu barabara au maji ya eneo lake huenda akasomwa na kutumiwa na wenzake, na bado hesabu isimwone.

Hirsch mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara yasiyokusudiwa. Azimio lililoanzia San Francisco mwaka 2012, na tamko la Leiden la mwaka 2015, yote yalitaka tarakimu zisichukue nafasi ya hukumu ya wajuzi walioisoma kazi yenyewe.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Vyuo na wafadhili wangali wanabishana nani akitambue chanda hicho: msomaji wa kazi, au mhesabu wa marejeo.