Fimbo ya Mbali Iliyoua Nyoka

Tarehe 3 Juni 1928, katika kijiji cha Voznesenye-Vokhma, kwenye misitu ya kaskazini mwa Urusi, kijana Nikolai Schmidt alikuwa akipekua mawimbi mafupi kwa redio ya valvu moja aliyoiunda mwenyewe. Hakuwa zamu, wala hakuna aliyemwajiri kusikiliza. Katikati ya mikwaruzo akanasa vitone na vistari vya Morse: Italia, Nobile, kipande cha jina kilichofanana na Franz Josef, kisha SOS ikirudiwarudiwa.

Ujumbe huo ulikuwa ukitafutwa kwa siku tisa. Meli iliyowekwa Aktiki mahususi kwa kazi hiyo haikuupata. Nimeufuata kituo kwa kituo, ramani ikiwa mezani, nikitaka kujua kwa nini wa karibu waliukosa na wa mbali akaupata.

Kituo cha kwanza ni barafu. Tarehe 23 Mei 1928, puto kubwa lenye injini, lililopewa jina Italia, liliondoka visiwa vya Svalbard likiwa na watu 16 chini ya Jenerali Umberto Nobile. Usiku wa kuamkia tarehe 24 lilifika Ncha ya Kaskazini. Siku iliyofuata, likiwa safarini kurudi, lilipoteza kimo na kugonga barafu. Chumba cha marubani kikang'oka. Watu 10 wakamwagika juu ya barafu, mmoja wao akiwa amekufa. Wengine 6 walibaki ndani ya puto, ambalo kwa kupungukiwa uzito lilipaa tena likatokomea nao. Hawakuonekana tena.

Katika vitu vilivyoanguka pamoja na majeruhi mlikuwa na hema, chakula, na redio ndogo ya dharura iliyoitwa Ondina 33. Fundi wa redio Giuseppe Biagi aliokoteza mabomba ya chumba kilichovunjika, akasimamisha mlingoti, akavuta waya wa antena, akaanza kuita. Aliita kwa saa zilizopangwa, siku baada ya siku. Alisikia vizuri matangazo ya Roma yakieleza jinsi wao wenyewe walivyopotea, lakini meli yao, Città di Milano, iliyotia nanga kama kilomita 350 kutoka hapo, haikumjibu. Baadaye Nobile alilalamika kwamba mitambo ya meli ilishughulishwa mno na telegramu nyingine, na kwamba wahusika walikwisha kuamini hakuna aliye hai.

Uzembe huo, kama ulikuwapo, hauelezi yote. Mawimbi mafupi yana tabia yake. Sehemu inayotambaa ardhini hufifia baada ya makumi ya kilomita. Sehemu nyingine hupanda hadi tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, hupindwa huko, kisha hushuka mbali sana. Kati ya pale wimbi la ardhini linapokoma na pale wimbi la anga linaposhuka kuna ukanda wa ukimya. Wazee waliosikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwa mawimbi mafupi waliyaona haya bila kufundishwa fizikia: sauti ya London ilifika Kigoma ikiwa safi kuliko kituo cha jirani. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini katika mawimbi mafupi mara nyingi ni ya mbali inayofika. Città di Milano ilikuwa pale ambapo wimbi hupita juu ya kichwa. Schmidt, zaidi ya kilomita 2,000 kusini, alikuwa pale linapotua.

Kabla ya kuuondosha ujumbe kijijini, inafaa kuuliza kijana kama yule alifikaje kwenye mawimbi hayo. Mwaka 1912, baada ya meli ya Titanic kuzama, Marekani ilitunga sheria ya redio iliyowasukuma watu wa redio za ridhaa, yaani wasiolipwa, kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini. Wataalamu wa wakati huo waliyahesabu mawimbi hayo kuwa makapi. Wenye ridhaa waliyachukua makapi hayo, wakayachezea, wakagundua ni nafaka. Desemba 1921, Mmarekani Paul Godley alipiga hema Ardrossan, pwani ya Scotland, akasikia vituo vya wenzake wa ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923, wawili wakazungumza kutoka kila upande wa bahari hiyo. Oktoba 1924, Frank Bell, mkazi wa shambani huko New Zealand, aliongea na Cecil Goyder aliyekuwa katika shule ya Mill Hill, London, karibu nusu ya mzunguko wa dunia. Hivyo kufikia 1928, vijana wa vijijini hata Urusi walijua kwamba mtambo mdogo unaweza kuvuka mabara.

Kutoka kijijini ujumbe ulikwenda kwa telegramu hadi Moscow, kwenye Chama cha Marafiki wa Redio, kisha kwa serikali, kisha ubalozini hadi Roma. Jioni ya tarehe 6 Juni, Biagi akiwa hemani na hedifoni masikioni alisikia Roma ikitangaza kwamba Mrusi mmoja amenasa SOS yao. Ujumbe ulikuwa umezunguka na kumrudia aliyeutuma. Siku chache baadaye Città di Milano nayo iliwapata kwa redio, na Biagi akataja mahali walipo.

Yaliyofuata yalikuwa na gharama yake. Mvumbuzi Mnorwei Roald Amundsen, aliyeruka tarehe 18 Juni kwenda kumtafuta Nobile, alipotea pamoja na wenzake wote ndani ya ndege. Rubani Msweden Einar Lundborg alitua barafuni na kumtoa Nobile kwanza. Tarehe 12 Julai, meli ya Kisovieti ya kuvunja barafu, Krasin, iliwafikia waliobaki. Kati ya watu 16 walirudi 8.

Somo la ule ukanda wa ukimya halikupotea. Leo mwenye redio ya ridhaa anayehitaji kufika wilaya ya jirani baada ya minara ya simu kuanguka hainui antena juu. Huishusha karibu na ardhi na kuchagua masafa ya chini, kama bendi ya mita 40 au 80, ili wimbi lipae karibu wima na kuanguka ndani ya kilomita mia chache. Kuna masafa yaliyokubaliwa kimataifa kuwa kitovu cha mawasiliano ya dharura, mojawapo kilohezi 14,300. Kuna pia nidhamu ya kuandika ujumbe neno kwa neno na kuhesabu maneno yake, ili apokeaye wa tano apate kilekile alichosema wa kwanza. Tangu 1933, karibu kila Juni, wenye ridhaa wa Amerika ya Kaskazini hutoka viwanjani na jenereta na betri, hufunga antena mitini, na kuita kwa saa 24. Mpita njia huona mchezo, kumbe ni zoezi.

Nyayo za wenye ridhaa zilionekana tena katika bahari yetu wenyewe. Kwa miaka mingi India haikuwa ikitoa ruhusa ya kurusha redio za ridhaa kutoka visiwa vya Andaman. Desemba 2004 ruhusa ikapatikana, na kundi lililoongozwa na Bharathi Prasad likaweka kituo Port Blair, likitumia alama ya mwito VU4RBI. Lilikwenda kwa furaha tu: wenye ridhaa duniani kote walikuwa wakigombea kuwasiliana na mahali adimu namna ile. Asubuhi ya tarehe 26 ardhi ikatikisika, na tsunami ikapiga. Simu zilipokatika, kituo kile kilikuwa tayari kimesimama, na waliokiendesha walikuwa wameshazoea masafa ya huko. Wakaacha mchezo na kuanza kupitisha habari za waliosalimika kwa jamaa zao wa bara. Saa kadhaa baadaye wimbi hilohilo liliua watu Somalia, Kenya na Tanzania.

Jambo linalounganisha barafu ya 1928 na Port Blair ya 2004 ni kwamba mara zote mbili aliyesaidia alikuwa hewani kabla ya balaa, kwa sababu alikuwa akicheza. Na mara zote mbili mchezo huo ulitegemea ridhaa ya serikali. Kama ombi la Andaman lingekataliwa mara nyingine, kituo kisingekuwapo. Schmidt mwenyewe hakufaidi sana sifa zake: mwaka 1942 alipigwa risasi Tashkent kwa tuhuma ambazo dola hiyohiyo ilikuja kuzifuta alipokwisha kuwa kaburini.

Huku kwetu nako leseni zipo, na alama za mwito zinaanza kwa 5H Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda. Anayeketi kuandika mpango wa maafa wa pwani au wa mabonde ya mafuriko huorodhesha boti, mahema na dawa. Angefaa kuuliza pia ni vijana wangapi katika wilaya yake wana leseni, ni shule gani ina antena juu ya paa, na ombi la kibali hukaa miezi mingapi mezani kwa ofisa. Mtambo unaweza kununuliwa wiki ya maafa na kusafirishwa kwa ndege. Anayejua wimbi litatua wapi saa kumi na moja jioni hatoki dukani. Alianza miaka kadhaa nyuma, siku aliporuhusiwa kuchezea redio bila kuulizwa anampelelezea nani.