Tuala Haikuwa Ardhi Tupu

Watu wangu, kuna sentensi naisikia kila nikipanda matatu ya kutoka Rongai: "Tuala kulikuwa pori tu, watu wamekuja juzi." Leo tuiongelee, kwa sababu hiyo sentensi ina gharama.

Anza na ramani. Tuala iko Kajiado, kusini mwa mto Mbagathi, ule Wamaasai wanaita Empakasi. Ng'ambo ya mto ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946. Mbuga ina ua pande tatu. Upande wa kusini, yaani huku kwetu, uliachwa wazi makusudi, ndiyo nyumbu na punda milia watoke mvua ikinyesha, waje kula nyasi pamoja na ng'ombe. Kumbe hii nyika ilikuwa na kazi tangu zamani! Mvua ya huku haitabiriki, na mfugaji hawezi kuishi na ekari tano. Anahitaji nafasi ya kufuata majani. Ukiona mahali hapana nyumba, usidhani hapana mwenyewe.

Na Wamaasai walijikuta kusini kwa wingi vipi? Mwaka 1904 Waingereza waliwatoa Bonde la Ufa kupitia mkataba, wakagawanywa Laikipia na kusini. Mwaka 1911 wakaja na mkataba mwingine, hata wale wa Laikipia wakahamishwa. Wakaenda kortini 1913, kesi ikatupwa. Hapo ndipo mipaka mingi ya leo ilipoanzia.

Baada ya uhuru, sheria ya 1968 ikaleta ranchi za kikundi: ardhi moja, wanachama wengi, hati moja. Ile ya Kitengela ikagawanywa 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Miaka michache baadaye viwanda vya EPZ vikafunguliwa Athi River. Wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na kipande kikaanza kukatwa kuwa ploti za hamsini kwa mia.

Sasa cheki hesabu. Sensa ya 1999 ilipata watu 406,054 Kajiado nzima. Mwaka 2009 walikuwa 687,312. Mwaka 2019, 1,117,840. Mji wa Kitengela pekee ulitoka 58,167 hadi 154,436 kwa miaka kumi. Watoto hawazaliwi kwa kasi hiyo, jamani. Hao ni watu wamehama, wengi wakikimbia kodi ya Nairobi. Mwaka huohuo wa 2019 SGR ya kwenda Suswa ikaanza kubeba abiria, ikikatiza juu ya mbuga kwa daraja refu na kuja upande wetu. Bei ya ploti ikapata sababu nyingine ya kupanda.

Mimi simlaumu aliyehama. Simlaumu pia mzee aliyeuza. Ukame ukimaliza ng'ombe na karo ya shule inadaiwa, utauza nini? Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka, wasiweke ua. Wazo zuri, lakini dola 4 zitashindana vipi na broka mwenye pesa mkononi?

Ndiyo maana neno "tupu" linaniuma. Ardhi ikiitwa tupu, hakuna anayeuliza njia ya ng'ombe inapita wapi, mto utabeba maji taka ya nani, ama simba aliyefungiwa njia ataingia boma la nani usiku. Nyumbu walikuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo wamebaki wachache sana. Hawakupotea siku moja, walizibiwa njia ua baada ya ua.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya mipango miji. Lakini hii haihitaji digrii. Kabla hujalipa deposti ya ploti Tuala, muulize jirani Mmaasai maswali mawili: mifugo inapitia wapi, na mvua kubwa ikija maji yanaelekea wapi? Akikuonyesha kuwa ni hapohapo unaponunua, acha hiyo njia. Tafuta ploti nyingine.