Hotuba ya Bethel na Mipaka ya Ulimi Shuleni

Mnamo Aprili 1983, Matthew Fraser, mwanafunzi wa Bethel High School katika jimbo la Washington, Marekani, alipanda jukwaani kumpigia debe mwenzake aliyewania uongozi wa wanafunzi. Mbele yake walikaa wanafunzi wapatao 600, wengi wa umri wa miaka 14. Hakutamka tusi hata moja la wazi. Alimsifu mgombea kwa mafumbo ya ngono tangu mwanzo hadi mwisho. Wapo waliopiga mayowe, wapo walioona haya. Walimu wawili walikuwa wamemwonya mapema asiitoe hotuba hiyo.

Shule ilimsimamisha masomo kwa siku tatu na kufuta jina lake katika orodha ya watakaopigiwa kura ya kuhutubia mahafali. Alishtaki. Mahakama za chini zilimpa haki, na wenzake wakamchagua kwa kuandika jina lake wenyewe, akahutubia.

Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilitengua ushindi huo kwa kura 7 dhidi ya 2. Mwaka 1969 mahakama hiyohiyo iliwalinda wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi kupinga vita vya Vietnam; safari hii Jaji Mkuu Warren Burger aliona kuwa kufundisha adabu ya kusema hadharani ni kazi ya shule. Hoja hiyo ina uzito, ingawa adhabu ilikuwa kali kwa utani wa kijana.

Mwaka 2021 mahakama iliongeza mpaka: matusi yaliyoandikwa Snapchat nje ya shule hayakustahili adhabu ya shule.