Uso wa Sultani Mwezini

Ndugu zetu Waislamu, Ramadhan ikikaribia sote huwa watu wa kutazama juu. Lakini hebu tujiulize: mwezi ukiwa mpevu, tunaona nini hasa mle ndani?

Wachina tangu zamani wanaona sungura. Wazungu wanaona mtu aliyebeba mzigo wa kuni. Na Waislamu je? Tarehe 20 Agosti 1953 Wafaransa walimng'oa Sultani Mohammed wa Tano wa Morocco, wakampeleka uhamishoni Corsica, kisha Madagascar. Basi watu wake wakawa wanapanda madarini usiku, na wengi wakasema wameuona uso wake mwezini. Mwisho wa mwaka 1978 uvumi kama huo ulienea Iran kuhusu Ayatollah Khomeini.

Tusiwacheke. Binadamu ameumbwa kutambua uso upesi. Akipata madoa mawili matatu, akili inamalizia picha yenyewe. Na moyo uliojaa hamu ndio unaochagua picha ya nani.

Madoa yenyewe ni nini? Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliandika risala nzima juu yake. Wako waliodai ni bahari na milima ya dunia inayoonekana mwezini kama kwenye kioo. Yeye akasema hapana: mwezi unasafiri na alama hazibadiliki, kwa hivyo ziko mwezini kwenyewe. Leo tunajua ni nyanda za lava iliyoganda, nyingi zina zaidi ya miaka bilioni 3. Mwaka 1969 Apollo 11 ilitua kwenye mojawapo.

Sasa tukumbuke siku aliyofariki Ibrahim, mwanawe Mtume (S.A.W.). Jua lilipatwa, watu wakasema ni kwa ajili ya msiba ule. Mtume angeweza kunyamaza, si msiba ulikuwa wake? Lakini aliwasahihisha palepale: jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Sultani alirudi kwao Novemba 1955, na mwaka 1956 Morocco ikapata uhuru. Hakurudishwa na madoa ya mwezi, bali na watu waliosimama kudai haki. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli, hata kama picha haikuwa.

Basi wazazi, mtoto akikuonyesha sura mwezini usimkemee. Muulize anaona nini, kisha mwambie ni Nani aliyeuumba. Wallahu a'lam.