Mashine ya Bisi na Kikaango cha Mjomba

Mjomba wangu ameuza kahawa kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo amekaanga buni mwenyewe, uani kwake Gwata, kwenye kikaango cha chuma juu ya mafiga matatu. Mwaka jana kifua kilianza kumbana. Daktari akamwambia akae mbali na moshi wa kuni. Nilipokwenda kumwona, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Sasa, mpwa wangu, niuze nini?"

Ninaposema Gwata, watu huniuliza ipi, maana jina hilo liko Kibaha na liko Kisarawe. Kwa habari ya kahawa hazina tofauti. Huku ni nchi ya chini, ya joto, ya mihogo na mikorosho, na mbuni hautaki joto letu. Buni ya mjomba hutoka Kariakoo, mbichi, ya kijani iliyofifia, ikinuka kama gunia lililoihifadhi. Ingewezekana kununua kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa. Lakini faida ya muuza kahawa iko palepale kwenye kikaango: buni mbichi ni rahisi kuliko iliyokaangwa, na wateja wa barazani wanaujua mkono wa mkaangaji kama wanavyoujua mkono wa mpishi wa pilau.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, wa kujifunza kwa kuharibu. Nilikuwa nimesoma kwamba wako watu Ulaya na Marekani wanaokaanga kahawa nyumbani kwa mashine ndogo za bisi, zile zinazopuliza hewa ya moto. Nikacheka. Baadaye nikaanza kufuatilia historia yake, nikaacha kucheka.

Mwaka 1885 Charles Cretors, mtu wa Illinois mwenye duka la peremende, alinunua mashine ya kukaangia karanga na hakuridhika nayo. Akaunda ya kwake, ya kuendeshwa kwa mvuke, akaanzisha kampuni Chicago. Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 alikuwa na mashine ya bisi, mtoto wa ile ya karanga. Mashine zake za awali zilikaanga kahawa pia. Kwa hiyo bisi na kahawa si wageni kwa wenzao. Walizaliwa nyumba moja, kisha wakatenganishwa.

Waliotenganisha ni wafanyabiashara. Hadi katikati ya karne ya 19, familia nyingi za Marekani zilinunua buni mbichi na kuikaanga jikoni kwa kikaango, kama mjomba. Mwaka 1864 Jabez Burns alipata hataza ya tanuri la kukaangia linalojimwaga lenyewe. Miaka michache baadaye John Arbuckle wa Pittsburgh akawa anauza kahawa iliyokwisha kukaangwa, ndani ya pakiti, nchi nzima. Kazi ikatoka jikoni ikaenda kiwandani, na baada ya vizazi viwili hivi mtu wa kawaida hakujua tena buni mbichi ina rangi gani. Ilirudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1976 mhandisi Michael Sivetz alipata hataza ya kukaanga kahawa kwa hewa ya moto inayozielea­sha punje zenyewe. Mwaka 1978 kampuni ya Presto ikatoa mashine ya bisi ya hewa moto kwa matumizi ya nyumbani. Haikupita muda watu wakagundua kwamba mashine ya mtoto wa shule ilikuwa inafanya kazi ileile ya mtambo wa Sivetz.

Na kwetu? Historia ya kahawa ya nchi hii tunayofundishwa ni ya mkulima na muuzaji. Wahaya na robusta yao iliyochemshwa na kutafunwa, kabla ya mzungu yeyote. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868, ambao hutajwa kuleta arabika kutoka kisiwa cha Réunion na kuipandisha hadi Kilema. Chama cha wakulima wa Kilimanjaro mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, na ugomvi wa bei. Katika habari zote hizo kahawa inaondoka ikiwa mbichi. Inapandishwa meli, inakaangwa Hamburg au London, na sura inafungwa. Mkaangaji hayumo. Yumo mitaani tu: anayetembea na buli lake la shaba na kaa la moto chini yake, akigonga vikombe. Yeye hakuhitaji kurudishiwa chochote na Sivetz, kwa kuwa kazi haikuwahi kumtoka mikononi. Mpaka kifua kikambana.

Nilipata mashine ya mtumba yenye wati 1200. Nilichagua ile ambayo hewa yake huingilia kwenye matundu ya ubavuni mwa chungu chake, ikazungusha punje. Zile zenye wavu chini si za kukaangia kahawa, kwa kuwa makapi yanaweza kuangukia kwenye waya wa moto yakawaka.

Nilipoifungua nilikuta ujanja wa kibahili. Mota ya feni ni ndogo, ya volti chache, nayo hulishwa kupitia kipande cha waya uleule wa joto na dayodi nne. Feni na moto vimefungwa pamoja. Huwezi kupunguza kimoja usipunguze kingine. Kwa bisi hiyo si shida. Punje ya mahindi hupasuka kwenye nyuzi 180 hivi, dakika tatu kazi imekwisha. Kahawa hutoa mlio wa kwanza karibu nyuzi 196, na ile kahawa nyeusi ya barazani huanza kupatikana karibu na mlio wa pili, kwenye nyuzi 220 na kitu. Nikaitenga feni, nikaipa umeme wake kutoka chaja ya zamani ya kompyuta mpakato, ya volti 19. Waya wa joto nikauwekea swichi yake. Mfuniko wa plastiki nikautupa, nikasimamisha kopo la maziwa ya unga kama bomba la moshi.

Kosa langu lilikuwa kuondoa kidhibiti joto, kwa kuwa kilikuwa kinazima mashine kabla kahawa haijaiva. Jaribio la tatu, plastiki ya ubavuni ikaanza kulegea na kunuka. Kilichookoa meza ya shangazi ni fyuzi ya joto, ambayo kwa uvivu sikuwa nimeigusa. Ilikatika, ikanibidi kutafuta nyingine. Sasa kidhibiti kimerudi, cha nyuzi za juu zaidi, na fyuzi iko mahali pake. Anayetaka kuiga asiiguse fyuzi.

Buni gramu 80 huiva kwa dakika saba. Za kwanza nilizitoa mara tu baada ya mlio wa kwanza, kahawia nzuri, kama vitabu vinavyosifu. Mjomba akazitwanga, akachemsha, akapeleka barazani. Mzee mmoja akaonja, akakitazama kikombe. "Hii umetia ndimu?"

Kumbe ladha ile ya uchachu inayosifiwa ng'ambo, kwenye buli lenye tangawizi, ni kasoro. Nikarefusha muda. Shida mpya ikawa kelele ya feni: inaufunika mlio wa pili, nami nilikuwa nautegemea. Mjomba hakuutegemea kamwe. Alikaa kwenye kigoda upande unakotoka upepo, mbali na moshi mdogo wa kahawa yenyewe, macho amefumba. "Toa," akasema. Nikatoa. Nyeusi, inang'aa kidogo, haijaungua. Nikajaribu mara nyingine kwa kipimajoto. Alinitangulia kabla namba haijafika. Alikuwa akinusa tu.

Tukakubaliana hivyo: mimi au binamu yangu kwenye swichi, yeye kwenye kigoda. Buli la jioni linataka mizunguko minne, kazi ambayo kikaango kiliimaliza kwa mmoja, na luku inakwenda. Analalamika kuhusu luku kila siku.

Wiki iliyopita umeme ulikatika katikati ya mzunguko wa tatu. Feni ikasimama, punje zikabaki zimekaa kwenye chungu cha moto. Mjomba alifika kabla yangu, akapindua mashine nzima juu ya ungo, akapepeta haraka mpaka makapi yakaruka na punje zikapoa. Kisha akaniagiza niwashe kuni. Nikakitoa kikaango kilipokuwa kimeegemezwa ukutani, nikamwaga buni iliyobaki. Yeye akaenda kusimama chini ya mwembe, mbali kabisa, akiniangalia.

"Koroga," akasema. "Usiache kukoroga."